Wazee wetu walipiga picha kabla ya kwenda Kagera. Zikusanyeni sasa

Kwenu wenye dhamana ya Makumbusho ya Taifa, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Waheshimiwa, shikamooni.

Dhumuni la barua hii ni picha. Si picha za viongozi, wala za vifaru vikielekea Mutukula. Hizo zipo, na kila Julai ikikaribia tunaziona magazetini. Nazungumzia picha ndogo za studio, nyeusi na nyeupe, ambazo askari na mgambo walipiga mijini mwishoni mwa 1978 na mwanzoni mwa 1979, siku moja au mbili kabla ya kupanda treni au lori kwenda vitani. Naomba zikusanywe, zinakiliwe na ziandikwe majina kabla ya Oktoba 2028, mwezi ambao uvamizi wa Kagera uliofanywa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda utatimiza miaka 50.

Niruhusuni nianze na moja, maana ndiyo niliyonayo.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi baiskeli Tabora. Picha yake inaenea kwenye kiganja, kingo zimekatwa meno meno kama ilivyokuwa mtindo wa zamani. Ameketi kwenye stuli, mgongo wima, kama mtu aliyeambiwa asipumue. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa bahari na jahazi, yeye ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Igombe. Kando yake kuna maua ya plastiki. Gwanda ni jipya, lakini ni la mtu mwenye mwili mkubwa kuliko wake: mikono imekunjiwa ndani, na ukitazama vizuri mkunjo unauona. Picha inaishia magotini. Bibi ndiye aliyetueleza kwa nini. Buti walikuwa hawajapewa, miguuni alikuwa na katambuga, na mpiga picha akasema haitapendeza. Viganja ameviweka juu ya magoti, na chini ya kucha za mkono wa kulia kuna mstari mweusi. Ni grisi. Alisugua kwa sabuni ya mche na mchanga, bibi anasema, ila grisi ya minyororo ya miaka sita haitoki asubuhi moja.

Nyuma ya picha ameandika kwa wino wa bluu: "Mama, nikirudi tutaitia kwenye fremu." Chini yake kuna muhuri wa studio uliofifia, na namba kwa penseli: 2216.

Hakurudi. Habari ililetwa na watu wawili wakati tunavuna karanga. Bibi aliishi miaka 31 baada ya hapo, na picha ile hakuitia kwenye fremu. Aliifunga kwenye kipande cha kanga akaiweka chini kabisa ya sanduku la bati. Mafundi wa fremu walikuwa wanapita mtaani na vioo vyao begani, nasi wajukuu tukimwambia tumwite mmoja, alikuwa na jibu lilelile: "Alisema akirudi."

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akawaambia kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Maneno hayo mtoto wa shule ya msingi anayajua. Kinachosemwa kidogo ni kilichofuata mitaani. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 likapita 100,000 ndani ya miezi michache, kwa kuongezewa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Maana yake ni maelfu kwa maelfu ya watu waliokuwa juzi tu wakilima tumbaku, wakishona nguo, wakifundisha darasa la tatu. Hawa hawakuwa na kitambulisho chenye picha. Wengi hawakuwahi kupigwa picha hata mara moja. Walipojua wanaondoka, walichofanya kwanza ni kwenda studio.

Walikuwa wanachukua nakala mbili. Moja ya mama, moja ya mchumba. Mwenye uwezo alichukua ya tatu akaitia mfukoni. Sitaki kuwapamba kwa kusema walijua wanakwenda kufa. Nadhani wengi walikuwa wanajionea fahari tu, kijana wa miaka 22 na gwanda jipya. Lakini mtu hapigi picha ya namna ile, uso ule, kama hajafikiri kidogo.

Mwaka 2017 nilikwenda kuitafuta studio. Siku hizi ni duka la makava ya simu na wakala wa kutuma pesa. Jirani yake ni mzee fundi cherehani ambaye yupo barazani pale tangu enzi hizo, na alimkumbuka mwenye studio vizuri: Mhindi mmoja mpole, mkali kwenye jambo moja tu, usiguse taa zake. Alifariki, watoto wako Leicester. Mpangaji aliyefuata alipotaka kupaka rangi chumba cha giza, maboksi yalitolewa nje. Mengine yakaenda shimoni. Mengine watoto wa mtaa waligawana negativu, zile filamu zinazotolewa picha, na jua lilipopatwa Septemba 2016 walizitumia kulitazamia. Mzee alinisimulia hilo akicheka, halafu akaacha kucheka. (Kwanza ni hatari kwa macho. Pili, mtu mmoja wa Tabora alitazama jua kupitia uso wa askari wa Kagera, na hakujua.)

Boksi moja fundi cherehani alilibakiza, kwa sababu alilipenda boksi lenyewe, akawa anawekea vifungo. Negativu zilikuwa chini ya vifungo.

Nilipofungua nilipigwa na harufu ya siki. Wataalamu wenu wanaijua. Filamu za asetati zikikaa kwenye joto na unyevunyevu huanza kuoza na kutoa asidi ileile iliyo kwenye siki, na asidi hiyo huharakisha uozo, kisha huambukiza filamu za jirani. Zinajikunja, utando wenye picha unafanya makunyanzi, mwisho unabanduka. Hakuna dawa ya kuzirudisha zilivyokuwa. Kuna kuzitenganisha, kuzipoza, na kuzinakili mapema. Kila msimu wa mvua unaopita unakula nyuso.

Nilizishika moja moja kuelekea dirishani. Kwenye negativu mambo yamegeuka: nyuso ni nyeupe kama maziwa, macho yanang'aa, gwanda limekwajuka. Nilihesabu 63 nikaacha. Askari baada ya askari, jahazi lilelile, maua yaleyale. Na saa ileile. Hilo lilinichukua muda kuligundua. Wanaume watano tofauti wana saa moja mkononi, yenye mkanda wa chuma ulionyofoka pingili moja. Ilikuwa ya studio. Mhindi yule alikuwa anawaazima, wapendeze. Nikarudi nyumbani kuitazama tena picha ya baba mdogo, na kweli, chini ya mkunjo wa mkono wa kushoto, pingili moja haipo.

Chini ya boksi kulikuwa na bahasha tatu za kaki zenye picha zilizosafishwa tayari, na risiti zimebanwa juu kwa pini. Kwenye moja imeandikwa "bado shilingi mbili". Waliambiwa njoo kesho kutwa, treni ikaondoka kesho. Hizo hakuna mama aliyezipata.

Ndiyo maana siandiki kuhusu picha za majumbani peke yake. Namba ile ya penseli nyuma ya picha inaelekea kwenye negativu, na negativu inaelekea kwenye daftari la studio, ambako kuna jina, tarehe na kiasi alicholipa mtu. Vitu hivyo vitatu vikikutana, uso unapata jina bila kubahatisha. Daftari la Tabora sijaliona. Ila Musoma, Mwanza, Shinyanga, Dodoma, Morogoro na Iringa zilikuwa na studio, na nina imani katika baadhi ya hizo daftari limekaa juu ya kabati likisubiri kuwashia moto wa mkaa. Kwamba familia ya mpiga picha inaweza kutunza mali hii, tunao ushahidi hapa hapa kwetu: Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kazi yake ndiyo leo inayotuonyesha Zanzibar ya wakati huo ilivyokuwa. Huo ni utashi wa ukoo mmoja. Taifa halipaswi kutegemea bahati ya namna hiyo.

Wenzetu walifanyaje? Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ikiwa bado inapiganwa, Waingereza walianzisha Imperial War Museum kule London, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwaomba wafiwa picha za ndugu zao waliouawa. Zilikuja kwa posta, zaidi ya 15,000. Vita haijaisha, mabomu yanaanguka, na mtu yuko ofisini anapokea bahasha na kuandika majina. Kisha kuna Vignacourt, kijiji cha kaskazini mwa Ufaransa. Mkulima mmoja, Louis Thuillier, na mkewe Antoinette waliwapiga picha askari waliokuwa wakipumzika nyuma ya mstari wa mbele, uani kwao, mbele ya pazia moja lililochorwa. Nao walikuwa na pazia lao! Vioo vya negativu vilikaa darini hadi 2011 vilipopatikana, karibu 4,000. Zaidi ya 800 vyenye sura za Waaustralia sasa viko kwenye jumba la kumbukumbu ya vita la Canberra, na wajukuu wamekuwa wakijitokeza kusema huyu ni wetu. Hao walikuwa wamechelewa kwa miaka 90 na bado walipata majina. Sisi tumechelewa kwa chini ya 50, na wake, wadogo na wenzao wa kombania moja wapo hai. Wengine wanakaa barazani saa hizi. Lakini mzee aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 anakaribia 70. Mkimwendea mwaka 2035 atakuwa amesahau, au mtakuta matanga.

Kwa vita ya Bama (Burma), ile ya vita kuu ya pili, tumekwishachelewa, na nataka muone kuchelewa kulivyo. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa imebeba, pamoja na wauguzi na mabaharia, kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, ikazama ndani ya dakika chache. Kati ya watu 1,511 waliokuwemo, 1,297 walikufa. Mtu aliyezama baharini hana kaburi la kwenda kupalilia. Kama alipiga picha Nairobi au Mombasa kabla ya kupanda, picha ile ndiyo kaburi lake, na ziko wapi? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba askari na wapagazi wa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, na huenda idadi inafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma niliwakasirikia wakoloni, kama mnavyotegemea. Kisha nikajiuliza, je, hawa wa Kagera, waliotumwa na serikali yetu wenyewe, kwa redio yetu wenyewe, nani atamlaumu nani?

Pale katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, shaba nzuri, bunduki mbele, watu wanapanga kukutana chini yake. Uso upo. Mwulize mpita njia ni uso wa nani.

Sasa kero yangu, kwa ufupi. Baada ya kupata boksi nilikwenda ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikiwa na negativu kumi kwenye bahasha safi na picha ya baba mdogo. Nilipokelewa kwa adabu. Nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Nikaambiwa jambo hili ni la ofisi nyingine. Ofisi nyingine ikasema ni la jeshi. Kijana mmoja mwema, nadhani alitaka kunisaidia kweli, akafungua fomu kwenye kompyuta na kuniomba niambatanishe ridhaa ya maandishi ya mwenye picha. Nikamwonyesha nani mwenye picha. Akatazama muda mrefu, akasema, "Mzee, mfumo haukubali nikiruka hapo."

Simlaumu. Makumbusho iko Maliasili na Utalii, nyaraka ziko Ofisi ya Rais Utumishi, jeshi lina wizara yake. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inashughulika hasa na kumbukumbu za ofisi za umma, na picha ya fundi baiskeli haikupita masjala yoyote. Kitu kimeanguka katikati ya viti vitatu, na kila aliyekaa anaona kimeanguka kwa jirani. Ndiyo maana nimewaandikia wote kwenye barua moja. Kaeni meza moja, mteue ofisi moja ya kubeba.

Kazi yenyewe si kubwa hivyo. Watu wawili, skana, kompyuta, na jenereta ndogo kwa siku umeme ukikatika. Waende mji kwa mji, wakitangulizwa na redio za mkoa, misikiti, makanisa na wenyeviti wa mitaa. Tangazo liseme wazi kwamba mtu atakuja na picha yake na ataondoka na picha yake, siku ileile. Hili nalisisitiza kwa sababu nawajua watu wetu, na mimi ni mmoja wao: mkisema "tuachieni tutarudisha", hamtaona hata moja. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe; inakiliwe hivyo hivyo na kioo chake. Zilizo kwenye zile albamu za kunata za miaka ya 80 ziangaliwe mapema, gundi yake inazila kwa nyuma. Upande wa nyuma unakiliwe pia, daima, kwa sababu mara nyingi huko ndiko mtu alikozungumza. Na mleta picha akalishwe chini, apewe maji, aulizwe: huyu ni nani, alizaliwa wapi, alikuwa nani kabla ya gwanda. Msikimbilie cheo. Waliorudi salama nao waletwe, na waliorudi bila mguu. Mkipata nafasi ongeeni na wenzenu wa Kampala pia, maana ng'ambo ile kulikuwa na vijana waliovalishwa gwanda na mama zao wakabaki na picha. Hao hawakuwa Amin.

Kuna mambo mawili ya kukataza. Picha hizi zisiuzwe wala kuwekwa kwenye kalenda, tangazo la biashara au bango la kampeni la chama chochote. Familia iulizwe, na aliye hai aulizwe mwenyewe. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 tunayo, itumike kwa akili. La pili ni kuzirembesha. Mwanangu aliichukua nakala ya picha ya baba mdogo akaipaka rangi kwa programu ya simu. Ilirudi ikiwa nzuri sana. Ngozi laini, bahari ya bluu, gwanda la rangi ambayo hakuna aliyeivaa Tabora. Na kucha safi. Programu iliona grisi ikadhani ni uchafu.

Kila tarehe 25 Julai mnaweka mkuki na ngao, sime na mashada, na gwaride linanyamaza. Nami huwa nasimama nyumbani mbele ya televisheni. Nimefika Kaboya, Muleba, mara moja, nikatembea kwenye makaburi yale hadi jioni. Pamefagiliwa vizuri, nashukuru. Nilikuwa na picha mfukoni na nilijisikia kama mtu aliyekwenda hospitali na barua ya mgonjwa asiyejua yuko wodi gani.

Mkianza, anzieni popote, lakini mkifika Tabora nitakuja. Nitaleta boksi la fundi cherehani na bahasha zile tatu, labda kuna mtu atazigomboa kwa shilingi mbili. Negativu namba 2216 haimo, nimeitafuta. Kwenye boksi zinaanzia 2240. Picha yenyewe nitaileta kwenye kipande chake cha kanga. Mtainakili mbele na nyuma nikiwa nimekaa hapo, kisha nitaondoka nayo. Ikiulizwa kwa nini haina fremu, nyuma imeandikwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mjukuu, Ng'ambo, Tabora